Neno la Kigiriki Langoni kwa Bibi Zilpa

Nyarero, Tarime
8 Septemba 2024

Baba Mkubwa Okello,

Shikamoo. Ni mimi Dorah, binti wa kwanza wa mdogo wako Olima. Ulipoondoka nilikuwa darasa la sita, yule aliyekuwa akijificha nyuma ya ghala wageni wakija. Bado najificha, ila ghala lilianguka, kwa hiyo siku hizi natumia jiko. Niko kidato cha tatu.

Hapa wote wazima. Bibi Zilpa ana meno yake yote isipokuwa mawili, na hayo mawili anasema aliyatoa mwenyewe kwa hiari. Mama na wadogo zangu wazima. Baba bado ni fundi pikipiki Sirari, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mahindi yalikuwa mazuri mpaka nyani walipoyagundua.

Sijui kama utafurahi kupata barua hii. Simu yako haipatikani tangu mwaka ule ulioondoka. Anwani ya chuo chenu cha Biblia mama alipewa na mchungaji wetu, mimi nikainakili. Hakuna anayejua kwamba naandika. Nikiwa mbele ya mtu maneno yananikimbia, Baba Mkubwa, lakini kwenye karatasi yanarudi moja moja kama kuku jioni.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba yetu, ile aliyoijenga babu, ina ufa ambao sasa mkono wangu unaingia mpaka kiwiko. Tangu mvua zilizopita tumehamia kwa bibi, sisi watano na yeye wa sita. Baba amenunua bati zote. Ziko chumbani kwa bibi, zimelazwa ukutani, na jua likipanda zinalia kama mzee anayesafisha koo. Kuku mmoja ametaga katikati yake na hakuna anayeweza kumfikia. Lakini baba hawezi kujenga. Bibi amesema, na wewe unajua, mdogo hasimamishi nyumba katika boma kabla kaka yake hajasimamisha nguzo yake. Mama anacheka, anasema kwao Wakurya mtu mwenye bati anaezeka. Lakini hata yeye hajamwambia baba achimbe msingi.

Je, unaweza kuja siku moja tu, usimamishe nguzo yako, kabla ya masika? Kutoka Mugumu ni safari ya asubuhi.

Ombi la pili ni dogo. Mchungaji anasema mnasoma Kigiriki cha kale. Mimi nina daftari la maneno. Naomba neno moja.

Mwanao,
Dorah Atieno


Mugumu, Serengeti
6 Oktoba 2024

Mwanangu Dorah,

Marahaba, marahaba mara ya pili kwa ile miaka minne ambayo hukupata nafasi ya kunipa.

Barua yako imechukua wiki tatu. Punda angefika mapema na angepita pia kwenye majani. Mimi mzima. Simu yangu ilizama kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Nyangoto, na sikutafuta nyingine. Nimegundua kwamba mtu asiye na simu anapata heshima: anaandikiwa.

Darasani tuko kumi na mmoja. Mimi ndiye mzee, nina miaka arobaini na tisa, na wengine wananiita Babu Alfa. Kigiriki tunafundishwa na mchungaji Waitara, Mkurya mmoja mrefu, mpole kuliko kondoo nje ya darasa, lakini ndani ya darasa usiombe. Neno lako nalichukua kwake, kwa sababu ndilo analonirushia kila asubuhi.

Neno ni hili: δεῦρο. Litamke déuro.

Maana yake ni huku. Lakini si huku kokote. Ni huku niliko mimi ninayesema. Wagiriki walikuwa na neno la "hapa" la mtu aliyekaa, na la "kule". Hili ni la mwendo. Linaonyesha upande, na upande wenyewe ni wa anayeita. Uzuri wake ni kwamba si kitenzi. Haliamrishi kitu. Lakini walikuwa wakilirusha peke yake, na mtu anakuja. Mwalimu Waitara anasimama ubaoni na chaki: "Okello, deuro." Hasemi njoo, hasemi inuka. Na magoti yangu haya mabovu yananyanyuka kabla sijafikiri.

Kiswahili nacho kinaweza. Mama yangu alipotuita tukiwa watoto hakupoteza maneno: "We Okello, huku!" Kwa Kijaluo lazima tuongeze kitenzi, tuseme bi ka, njoo hapa. Labda ndiyo sababu bibi yako akiwa na hasira alikuwa anahamia Kiswahili.

Andika hilo kwenye daftari. Msalimie kila mtu, na huyo kuku.

Karatasi imeisha.

Baba yako mkubwa,
Okello


Nyarero
27 Oktoba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Vuli imeanza kidogo kidogo na bibi amepanda maharage. Mdogo wangu Mokami ameng'oka jino akalitupa juu ya paa, bibi akamuuliza kwa nini analitupa kwenye paa la mtu mwingine wakati sisi paa letu liko chumbani.

Asante kwa neno. Nimelipa ukurasa mzima. Nimeliangalia pia kwa upande wa Kiingereza: kamusi ya shule inasema nao walikuwa na neno kama hilo, hither. Nilimwandikia mwalimu wetu wa Kiingereza swali kwenye kikaratasi, kwa sababu kuuliza kwa mdomo siwezi, naye akajibu kwamba limekufa, watu wameliacha. Nilisikitika kama nimepata msiba. Niliwaza, Waingereza siku hizi wanaitaje watu?

Tangu hapo ninasikiliza watu wanavyoitana. Mama anaita kwa jina tu na kuacha mlio mwishoni. Baba hatuiti kwake, anatutuma: nenda kwa mama yako, nenda kwa bibi. Ni bibi peke yake anayesema "Huku!" na hata mbuzi wa jirani wanakuja.

Nikuambie jambo la aibu. Shuleni mwezi huu nimeandikwa sikuwepo mara tatu na nilikuwepo. Mwalimu anaita majina, likifika langu naitika moyoni. Mara ya tatu nilikuwa dawati la mbele kabisa. Aliniangalia, akaangalia daftari lake, akaweka alama ya kutokuwepo. Sikumlaumu.

Baba Mkubwa, hukujibu kuhusu nguzo. Nimeisoma barua yako mara nne, na nyuma ya karatasi nikaangalia. Nyuma hakukuwa na kitu, kwa hiyo karatasi haikuwa imeisha.

Mwanao,
Dorah


Mugumu
1 Desemba 2024

Mwanangu Dorah, mpelelezi,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Nimefaulu Kigiriki kwa alama ambazo mwalimu Waitara alizitaja kwa sauti ya chini ili zisije zikajeruhi mtu. Huku mvua imenyesha, barabara ya chuo imekuwa mto, na jana tembo wawili walipita nyuma ya bweni kama wageni rasmi.

Kumbe unalipenda neno. Basi nikupe mengine yake.

Kwanza, ukimwita mmoja unasema deuro. Ukiwaita wengi, lina umbo la wengi, deute. Lakini mengine yote halibadiliki. Maneno mengi ya Kigiriki yana mikia, Dorah, yanabadilika kila yakigeuka, na mimi mikia hiyo ndiyo imenimaliza. Hili halina mkia wa mwanamume wala wa mwanamke, wa jana wala wa kesho. Tajiri anaitwa nalo hivyo hivyo, na maskini hivyo hivyo. Kwenye Maandiko yupo ndugu aliyekuwa kaburini siku nne, naye aliitwa kwa neno hili. Fikiria, huyo hakuwa na kitu mkononi, alikuwa na sanda tu.

Pili, walilitumia hata kwa wakati. Wakisema "mpaka deuro", wana maana mpaka sasa, mpaka hapa tulipo.

Kuhusu nguzo. Mwambie baba yako ajenge. Mimi mkubwa nimesema ajenge, sina kinyongo. Na wao waache kutuma salamu kwa kila mchungaji anayepita huku. "Mwambieni arudi nyumbani, mwambieni arudi." Olima anasema nirudi nyumbani akiwa chini ya pikipiki Sirari. Yeye mwenyewe nyumbani hayupo.

Kuna mambo ni yangu na mama. Sijaja, mpaka deuro. Tuishie hapo.

Krismasi njema. Itika kwa mdomo, angalau mara moja, unitumie taarifa.

Okello


Nyarero
29 Desemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo na heri ya Krismasi iliyopita. Tulikula wali na yule kuku wa kwenye bati, ambaye alitoka mwenyewe siku ya tarehe ishirini na nne. Mama alisema ni kuku wa imani.

Baba nilimwambia ulivyosema, kwamba umemruhusu. Alikuna kichwa muda mrefu. Akasema ruhusa ya kwenye karatasi haishiki udongo, na kwamba yeye hatamwambia mama yake hilo, nimwambie mimi kama nina nguvu. Sina nguvu.

Sasa ungamo langu. Nimesababisha kikao cha wazee wa kanisa.

Nilikuwa nimeandika lile neno kwa herufi za Kigiriki kwenye kipande cha karatasi, ili nijifunze kuliandika vizuri, pamoja na kile kialama cha juu kinachofanana na mnyoo. Nikakiweka kati ya bati ili kisipotee. Bibi alipokuwa anafukuza panya akakikuta. Aliona maandishi yasiyo ya Kiswahili wala Kiingereza, yamefichwa kwenye bati za mwanawe ambaye nyumba yake inakataa kusimama. Hakumuuliza mtu. Alikishika kwa koleo la moto, akakipeleka kwa mzee wa kanisa Simioni.

Nilirudi kutoka kisimani nikawakuta wazee watatu wamesimama mbele ya bati wanaimba. Mzee Simioni alikuwa ameshika Biblia mkono mmoja na koleo mkono wa pili. Nilitaka kukimbilia jikoni. Lakini walikuwa wanajadili kukichoma, na mmoja alikuwa ameanza kutaja jina la jirani yetu mmoja kwamba ndiye aliyetuloga, mama wa watu ambaye kila mwaka anatupa mbegu za karanga.

Ikabidi niseme. Nilisema nikiangalia chini, na sauti ilitoka kama ya panya mwenyewe: "Ni Kigiriki. Ni Baba Mkubwa Okello amenifundisha."

Wote wakanigeukia. Mzee Simioni alikigeuza kile kikaratasi juu chini, akasema naam, ni Kigiriki, yeye alikuwa amehisi tangu mwanzo. Wakanywa chai wakaondoka.

Bibi alibaki na mimi. Hakugomba. Aliuliza neno lina maana gani, nikamweleza yote uliyoniandikia: kwamba ni huku niliko mimi, kwamba anayelisema lazima awe amesimama pale anapotaka mtu afike, kwamba halina mkia. Akauliza: "Na Okello ndiye aliyelichagua?" Nikasema mwalimu wake anamwita nalo. Akaniuliza tena, kama vile hakusikia: "Kuna mtu anamwita kila siku, naye anakwenda?" Nikasema ndiyo, hata magoti yakiuma.

Bibi akachukua ungo akaenda kupepeta maharage ambayo yalikuwa yamepepetwa asubuhi.

Nilimfuata nikamuuliza wewe na yeye mlikosana nini. Alisema maharage ya mwaka huu yana mawe. Baba Mkubwa, nyote wawili mnafanana sana. Nikiuliza kwako karatasi inaisha, nikiuliza kwake maharage yana mawe. Na masika ni Machi.

Mwanao,
Dorah


Mugumu
19 Januari 2025

Mwanangu Dorah,

Marahaba. Nimecheka kuhusu koleo mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akashuka kuuliza kama ni msiba. Nilimsomea mwalimu Waitara. Naye alicheka, halafu akaomba kuona ulivyoandika kile kialama.

Baadaye sikucheka. Umesimama mbele ya wazee watatu ukasema, wewe usiyeitika jina. Basi na mimi nitasema. Lakini haya ni yako, usimsomee bibi.

Unamkumbuka maksai wetu Ofisa? Dume lile la plau, jeusi, lenye pembe moja imeinama. Baba yangu, babu yako Oduol, alimfundisha plau mwenyewe, na alipofariki Ofisa ndiye aliyebaki analima kama vile mzee bado yuko nyuma yake. Mwaka ule mimi nilisikia habari za duara moja Nyangoto ambalo lilikuwa linakaribia kutoa dhahabu. Nilimpeleka Ofisa mnadani nikamuuza, siku mama alipokuwa kanisani. Kwa fedha yake nikaingia kwenye duara. Miezi saba tukatoa mawe, na maji, na simu yangu ikabaki humo.

Siku nilipoondoka kwenda huko mama alinifuata mpaka langoni. Alisimama pale kwenye jiwe bapa, upande wa kushoto. Alisema, kwa Kiswahili: "Nenda. Na usikanyage hapa bila Ofisa mwingine."

Neno la mama alilosema langoni, Dorah. Lile halipiti chini ya mlango kama salamu ya mchungaji. Sina ng'ombe. Nina kamusi, shuka mbili na magoti. Ndiyo maana sitaki salamu za "arudi". Hakuna hata mmoja wa hao wanaosema nirudi aliyenifukuza. Aliyenifukuza ni mmoja, naye hajasema kitu.

Najua mnalala sita. Usifikiri sijui. Kila wingu likipita huku naliangalia linaelekea wapi.

Sasa unajua. Itunze.

Okello


Nyarero
9 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimekusaliti. Nimeona niliandike hilo kwanza, ili usome mengine ukiwa tayari umekasirika.

Nilikaa na barua yako siku tano. Niliiweka ndani ya daftari, nikaona inanichoma, nikaihamishia kwenye begi, ikanichoma mgongoni. Alhamisi ukuta wa nyumba yetu ya zamani upande wa ufa ulianguka wenyewe, mchana kweupe, bila mvua. Hakuna aliyeumia, bata tu walikimbia. Mama alisimama akautazama, mkono kiunoni. Hakusema kwao Wakurya wanafanyaje. Nilipomwona hana mzaha nikajua lazima nimsomee bibi barua yako.

Bibi alikuwa anabangua karanga. Nikamsomea yote, na pale uliposema usimsomee bibi, nikamsomea na hapo. Sikuinua macho, kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje. Nilisikia tu karanga zinapasuka, halafu nikasikia hazipasuki.

Aliziweka chini. Akasema: "Yule Ofisa alikuwa na kilema mguu wa nyuma. Asingelima mwaka mwingine." Nikakunja barua. Akasema tena: "Mimi nilidhani anajua ni hasira. Mtoto wangu mwenyewe, nilidhani anajua." Halafu akaniuliza wewe umeandika kwamba yeye alisimama wapi. Nikasema kwenye jiwe bapa, kushoto.

Akajifunga kanga, akatoka. Nilimfuata. Alipanda juu ya lile jiwe, akaniuliza Serengeti iko upande gani, nikamwonyesha. Nilikuwa nimesimama karibu, Baba Mkubwa, kwa hiyo ninakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza. Alisema kwanza kwa Kijaluo, kwa jina lako na la babu: "Okello wuod Oduol, bi ka." Halafu kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho alichokufukuzia: "Niliyosema hapa nayaokota. Njoo hivyo ulivyo."

Aliyasema taratibu sana. Mimi, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia bibi, hajasikia. Akanitazama. "Basi ita wewe. Pumzi yangu niliimaliza siku ile namfukuza."

Nikaita. Nilitumia jina lako lote, halafu nikasema "Huku!" Sikujua kama nina sauti kama hiyo. Ilitoka, ikagonga kilima cha upande wa pili, ikarudi. Bodaboda wa barabarani, Gati, alifunga breki akageuza pikipiki, akaja mpaka langoni kuuliza nani anamwita. Bibi akamwambia si wewe, pita. Akauliza basi ni nani. Bibi akasema: "Yuko Serengeti, anasoma Kigiriki." Gati alitutazama, mwanamke mzee juu ya jiwe na msichana anayelia na kucheka, akaondoka taratibu.

Najua hukusikia. Ndiyo maana naandika. Lakini limesemwa, na limesemwa palepale, na aliyelisema alikuwa amesimama mahali anapotaka ufike. Bibi ameniambia niongeze kwamba ukija na ng'ombe atamfukuza huyo ng'ombe.

Mwanao msaliti,
Dorah


Mugumu
21 Februari 2025

Mwanangu Dorah,

Marahaba. Barua yako imefika leo saa nne, nikiwa ubaoni. Mwalimu Waitara aliona nimeshika karatasi na chaki na siandiki. Akaniuliza, nikampa. Akalisomea darasa zima pale penye jiwe.

Kisha akafunga kitabu chake. Hakuniambia deuro. Alisema leo yeye hana mamlaka ya kulitumia kwangu, kuna mwenye nalo.

Nakuja Ijumaa ijayo. Mwambie bibi sina kitu. Mwambie Olima atafute jembe la pili.

Usinijibu, utakuwa umechelewa.

Okello


Nyarero
16 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 21 Februari imefika juzi. Wewe ulifika tarehe 28. Kwa hiyo tumepata habari kwamba unakuja ukiwa umekuja, umejenga, umekula na umeondoka. Baba aliisoma kwa sauti mezani kama gazeti la zamani. Alipofika pale pa jembe la pili, alisema kumbe ndiyo sababu jembe lilikuwa moja.

Umeniambia nisijibu, lakini kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa upande wa nje wa lango, na sisi tulikuwa wa ndani.

Wiki tatu nzima baada ya kuita, bibi alikaa uani akiangalia barabara. Hakuwa na barua yako, hakuna aliyemwambia siku. Kila asubuhi alivaa kanga ya kanisani, akaweka ungo wa maharage mapajani. Alhamisi ya mwisho niligundua maharage hayo hayana hata jiwe moja, na kwamba alikuwa anaokota vijiwe chini na kuvirudisha humo ili apate cha kuchagua. Ijumaa Mokami ndiye aliyewaona kwanza. Alikuja anakimbia akisema kuna Baba Mkubwa mmoja na watu sita wana mabegi, na mmoja mrefu kama mlingoti.

Wewe ulisimama mbele ya lango na begi. Hukuingia. Uliniangalia mimi. Nilijua unataka niite, kwa sababu barua ilisema niliita. Nilifungua mdomo, na bibi akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Alininong'oneza: "Huyu ni wa kwangu."

Akatembea mpaka kwenye jiwe. Ungo ulikuwa bado mkononi, alikuwa ameusahau. Alisafisha koo kama bati. Nilidhani atasema yale ya Kijaluo, au sala, au jina lako na la babu. Alisema neno moja tu, akaelekeza kidevu miguuni pake.

"Huku."

Mwalimu Waitara, nyuma yako, alivua kofia. Hilo hukuliona. Wala hukuona kwamba ulipopita lango, maharage yote yalimwagika na mbuzi wa jirani wakaja, maana nao huwa wanaitika.

Sasa habari za nyumbani. Nyumba ya baba imeezekwa Jumamosi iliyopita, na Jumapili mvua ikanyesha kama ilikuwa inasubiri fundi ashuke. Hakukuvuja. Tulikaa ndani watano tukisikiliza bati zikipigwa kutoka juu badala ya kulia kutoka ukutani. Mama amekubali kwamba nguzo yako ilisaidia, ila anasema hata hivyo bati zilisaidia zaidi. Bibi analalamika chumba chake ni kikubwa mno na kuku wake waliobaki hawana pa kutagia.

Nguzo yako mwenyewe, ile uliyosimamisha na wanafunzi wenzako mkibishana kwa Kigiriki shimo liwe na kina gani, imechipua majani matatu. Bibi anasema ni kwa sababu msomi hajui kumenya magome. Lakini kila asubuhi anaifukuzia mbuzi.

Jumatatu mwalimu aliita majina. Lilipofika langu nilisema "Nipo." Darasa zima liligeuka, kwa sababu nililisema kwa ile sauti ya kilimani, sikujua bado jinsi ya kuipunguza. Mwalimu aliacha kalamu. Halafu akaandika. Hiyo ndiyo taarifa uliyoniagiza.

Likizo ya chuo ikifika, njoo umalizie kuta zako. Huhitaji kuitwa tena. Lakini ukipenda kuitwa, najua mahali pa kusimama.

Mwanao,
Dorah Atieno